Kuakisi Nje, Kuakisi Ndani

Mtu akija kununua tinti ya dirisha hana maneno mengi. Anasema, "Nipe nyeusi." Kwa fikra zake weusi ndio ubaridi, na ukimwambia ipo karatasi angavu kama maji inayozuia joto kuliko ile nyeusi tii, anakuona tapeli. Hapo ndipo mke wa Fundi alipokuwa anapatia riziki yake. Alikuwa na subira ya kumkalisha mteja kando ya stuli yake, kumfungulia kitabu cha sampuli na kumsomea namba zilizoandikwa chini ya kila kipande: mwanga unaopita, joto la jua linalozuiwa, miale inayopausha mapazia, kuakisi nje, kuakisi ndani. Mtaa mzima ulimwita Asilimia, na jina lenyewe halikumuudhi hata kidogo.

Fundi, mumewe, alikuwa bingwa wa kubandika lakini ulimi wake ulikuwa mzito. Mikono yake ilijua kukamua maji ya sabuni mpaka kioo kisibaki na povu hata moja. Mdomo wake ulijua sentensi moja tu, na hiyo hakuwahi kumnyima mteja aliyechagua tinti ya kioo, ile inayong'aa kama kijiko kipya. "Hii inakuficha mchana tu," alikuwa akisema. "Usiku ukiwasha taa, wewe humwoni wa nje, wa nje anakuona." Akishasema hivyo ndipo anashika kisu. Wateja wengine walibadili mawazo hapo hapo na kazi ikapotea, lakini Fundi alikuwa radhi kulala njaa kuliko kuja kuitwa mwongo.

Sasa stuli ile ilikuwa haikaliwi na mtu. Baba mkwe alikuwa amepooza upande wa kulia, na ulimi wake ulikuwa unatoa neno mojamoja kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Alihitaji kunyanyuliwa, kugeuzwa, kuogeshwa na kulishwa. Wana walikuwa wawili. Mkubwa alikuwa na duka la marumaru, nyumba mpya na mkanda mpana wa kufunga kiunoni, maana mgongo wake, kwa maelezo yake mwenyewe, ulikuwa umekwisha. Mdogo alikuwa Fundi. Basi mzee akaletwa kwa Fundi, na kuletwa kwa Fundi maana yake ni kuletwa kwa mke wa Fundi. Duka likabaki na bwana asiyejua kusema, wateja wakaja, wakatazama sampuli, wakaondoka. Asilimia, ambaye kimo chake kilikuwa cha kumfikia mumewe kwapani, akawa mnyanyuaji wa mzee mwenye mifupa mikubwa. Mgongo wake yeye hakuna aliyewahi kuuulizia.

Jikoni, akiwa peke yake, shemeji yake alimwita Bwana Mgongo.

Shangazi alikuwa amefika kutoka mbali. Alikuwa dada mkubwa wa mzee, na katika ukoo ule neno lake likishatoka halirudi. Alikuja kwa jambo moja, kuamua mzee akae wapi mpaka Mungu atakapompenda zaidi. Asilimia alimpikia, akamtandikia, akamwachia kitanda chake mwenyewe, na hakumlalamikia hata mara moja. Alitegemea macho ya Shangazi yatamsemea.

Kaka mkubwa alikuja kumsalimu akiwa na mkewe. Aliingia polepole, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukishika ukuta. Mkewe alifuata nyuma na pakiti ya nepi za wazee, akaiweka katikati ya meza, mahali ambapo Shangazi asingeweza kukosa kuiona.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Mgongo?"

"Mgongo ndio huu huu, Shangazi. Juzi nimeinama kufunga kamba ya kiatu, nikagandia huko huko chini. Ilibidi mke wangu aninyanyue."

"Mwili mzima umekuwa wa kuazima," mkewe akaongeza kwa masikitiko.

Akakaa, akaguna, akashusha pumzi. Kisha akanusa. Alinusa kwa makusudi, pua juu, kama mtu aliyeingia chumba cha wageni akakuta soksi. Akatoa leso.

"Shemeji," alisema, "mbona Mzee ananuka? Sabuni imepanda bei?"

Asilimia alikuwa ndiyo kwanza ametoka kumwogesha mzee. Mikono yake ilikuwa bado na maji. Alisimama pale mlangoni na beseni, na maneno yote aliyokuwa nayo duniani yakamkimbia.

"Tusimlaumu dada," alisema mke wa kaka mkubwa kwa sauti ya huruma, ile huruma inayouma kuliko tusi. "Kulea mzee kunataka moyo. Si kila mtu kajaliwa."

Mzee, kitandani kwake pale pembeni, alikuwa anasikia. Mkono wake mzima ukasogea juu ya blanketi, ukamtafuta Asilimia. "Mwa-nangu," alisema, na mate yakamtoka. "Mwanangu... safi."

"Anasema nini?" aliuliza kaka mkubwa.

"Anasema mimi ni msafi," alijibu Asilimia.

"Haya." Kaka mkubwa akakunja leso. "Shangazi, mimi sina la kuongeza. Ningekuwa mzima, Mzee angekaa kwangu kama mfalme, vyumba vipo. Lakini hata kumgeuza siwezi. Na hapa ameshazoea."

Shangazi alitazama pakiti ya nepi, akatazama mkanda, akamtazama mzee. "Nimesikia," alisema. "Jumamosi nitatoa neno. Lakini mgonjwa hawezi kumlea mgonjwa, hilo hata mtoto analijua."

Asilimia alilisikia neno hilo kama mlango unaofungwa. Jumamosi ingefika, Shangazi angesema, na yeye angenyanyua mzee mpaka siku mmoja wao atakapotangulia. Stuli yake ingeliwa na vumbi. Na lile swali la sabuni lingebaki ndani ya nyumba yake, limesemwa mbele ya Shangazi, bila jibu.

Wakati wa kuondoka ndipo kaka mkubwa alipokumbuka kwamba ndugu zake wana kazi.

"Eh, shemeji. Pale sebuleni kwangu kuna kioo kikubwa kinatazama barabara. Watu wakipita wanachungulia mpaka wanajua tumekula nini. Nataka ile tinti ya kioo. Mtu wa nje ajione sura yake mwenyewe, akome."

Asilimia akaweka beseni chini. Akafuta mikono, akaenda kuchukua kitabu cha sampuli. Akamfungulia shemeji yake ukurasa wa tinti za kioo na kumsomea kama alivyomsomea kila mteja, bila kuruka kitu.

"Hii mwanga unaopita ni asilimia kumi na tano. Maana yake chumba kitakuwa na kivuli, lakini mchana utasoma gazeti bila taa. Joto la jua linalozuiwa, sabini na tano. Hii ndiyo namba ya kutazama ukitaka ubaridi, usitazame weusi. Miale inayopausha, karibu yote. Kuakisi nje, arobaini."

"Hakuna iliyozidi hapo?"

"Ipo. Hii, kuakisi nje sitini."

"Sitini ndiyo ninayoitaka. Kwa nini unanionyesha arobaini?"

"Na ndani?" aliuliza mkewe, kidole kikiwa kwenye mstari wa chini.

"Kuakisi ndani, hamsini na nane," alisema Asilimia.

"Ndani hakutuhusu," kaka mkubwa akamkata mkewe. "Sisi ndio wa ndani. Tuna nini cha kuakisi?"

Namba ile ya ndani ndiyo iliyokuwa na habari yote. Karatasi inayoakisi karibu sawa pande zote mbili haijui nani ni mwenye nyumba na nani ni mpita njia. Kazi yake ni moja, kumpa kioo yule aliye kwenye mwanga, na kumpa dirisha yule aliye gizani. Mchana mwenye mwanga ni wa nje. Taa zikiwashwa, mwenye mwanga ni wa ndani. Ilikuwa zamu ya Asilimia kusema sentensi ya mumewe. Ilikuwa imeshafika kwenye meno. Akaitazama pakiti ya nepi pale mezani, akaitazama leso ikirudi mfukoni, akaimeza.

"Chaguo zuri, shemeji," alisema.

*

Fundi alikwenda kubandika peke yake. Kaka yake alikaa kwenye kiti na mkanda wake, akasimamia kazi kwa kidole: hapo kuna povu, hapo ukingo umekwenda upande. Hapakuwa na povu wala upande. Fundi alikamua maji, akakata kingo, akapangusa. Alipomaliza akasimama mbele ya kaka yake akijikuna kisogo, kama kawaida yake anapotaka kusema.

"Kaka, hii tinti, kuna jambo moja..."

"Shemeji kashanisomea namba zote. Mimi nina elimu yangu, bwana. Wewe ni wa kubandika, bandika."

"Ni kuhusu taa tu..."

"Taa zangu zina tatizo gani? Wewe ni fundi umeme?"

Fundi akakusanya vifaa vyake. Tangu utotoni kaka yake alikuwa akimkata maneno, na yeye tangu utotoni alikuwa akikubali kukatwa. Mke wa kaka mkubwa alikuwa ameshatoka nje kwenda kupima. Alisimama barabarani mchana kweupe, akajiona yeye mzima, kiatu mpaka kilemba, na nyuma yake mtaa wote. Akarudi anacheka.

"Baba watoto, hakuonekani kitu. Hata tukitaka kutembea uchi humu, ruhusa."

Jioni Fundi alimuuliza mkewe, "Ulimwambia kaka habari ya taa?"

"Nilimsomea kila namba," alisema Asilimia. "Mpaka ya kuakisi ndani."

Ilikuwa kweli tupu, na Fundi, ambaye hakuwa na desturi ya kuchimba kweli ya mkewe, akaridhika akaenda kuoga.

*

Ijumaa, jua lilipoanza kulegea, Asilimia alimwendea Shangazi.

"Shangazi, kesho unatoa neno. Si vizuri tukamjulie hali mgonjwa kwanza, kwake? Yeye amekuja mara zote, sisi hatujakwenda. Na Baba naye apate hewa."

"Saa hizi?"

"Mchana jua linamchosha Baba."

Shangazi akaona ni utu. Asilimia alimvalisha mzee shati lake jeupe, lile la zamani la kanisani na harusini, akamchana nywele, akamfungia vifungo mpaka shingoni. Mzee alipenda kutoka. Alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Wakamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu, taratibu, Asilimia akisimama kila penye kivuli na kila penye jirani wa kusalimiwa, kwa sababu giza lilikuwa bado halijatosha.

Walipokata kona ya nyumba ya kaka mkubwa walikuta watu. Upande wa pili wa barabara muuza maji alikuwa amegeuza ndoo yake akaikalia. Wanawake wawili walikuwa wamesimama na vikapu vyao. Kinyozi alikuwa ameacha kibanda wazi. Wote walikuwa kimya, wametulia, macho upande mmoja.

"Kuna msiba?" aliuliza Shangazi kwa kunong'ona.

"Hapana, mama," muuza maji alijibu bila kugeuka. "Ndiyo kwanza wamewasha."

Shangazi akatazama walikotazama wao. Na Asilimia, ambaye alitegemea kumwona shemeji yake akiinama bila mkanda, au akinyanyua kiti, kitu kidogo tu cha kumtosha Shangazi, akaona ambacho hakuwa amethubutu hata kukiomba.

Sebule ilikuwa inawaka taa kama jukwaa. Mkanda ulikuwa umetundikwa kwenye mgongo wa kiti. Kaka mkubwa, fulana na suruali ya kulalia, alilishika kochi la watu watatu kwa ncha moja, akalinyanyua na kulizungusha mpaka ukuta wa pili. Alipolitua hakuguna. Akajipangusa mikono. Mkewe akasema kitu, yeye akacheka, akachuchumaa. Mkewe, ambaye hakuwa mwanamke mwembamba, akampanda mgongoni. Kaka mkubwa akasimama naye wima, akaanza kumzungusha sebuleni, mbio za farasi, kulia kwenda kushoto, na mkewe akimchapa begani kwa kandambili, wote wawili wanacheka mpaka vichwa vimeangukia nyuma.

"Jana alizunguka mara nyingi zaidi," alisema kinyozi. "Leo kachoka."

Wanawake wa vikapu wakaziba midomo. Shangazi aliusogeza mtandio wake mabegani, akausogeza tena.

Mzee alikuwa ameona. Kiti chake kilikuwa mbele kabisa, hakuna kilichomzuia. Tabasamu lake la upande mmoja lilikuwa limeondoka. Akatafuta neno, akalipata.

"Turudi," alisema.

Asilimia alimsikia vizuri. Alikuwa ameinama kwenye mpini wa kiti, sikio lake lilikuwa karibu na kichwa chake.

"Subiri kidogo, Baba," alisema, na hakuondoa macho kwenye dirisha.

Shangazi alivuka barabara akagonga geti. Mle ndani farasi akasimama ghafla, mpandaji akashuka. Kaka mkubwa akakimbilia mkanda, akaufunga haraka, akasogea dirishani. Kwake yeye dirisha lilikuwa kioo cha kujitazamia, na humo akajitazama. Akapinda kiuno. Hakuridhika, akapinda zaidi. Akaweka mkono nyuma, akakunja uso, akaulegeza, akaukunja upya mpaka maumivu yakamkaa sawasawa. Haya yote aliyafanya uso kwa uso na muuza maji, kinyozi, wanawake wa vikapu, baba yake mzazi na mke wa mdogo wake.

Hapo watu walishindwa. Kicheko kilipasuka barabara nzima.

Kaka mkubwa akafungua geti, amejikunja. "Shangazi? Karibu jamani, nisameheni, mgongo leo..."

"Geuka," alisema Shangazi.

"Eti?"

"Geuka utazame dirisha lako."

Akageuka. Ndani, mkewe alikuwa anaokota kandambili na kurudisha mito ya kochi mahali pake. Alionekana mpaka hereni. Kaka mkubwa alimtazama mkewe, akatazama watu, akamtazama Asilimia. Alielewa. Alijinyoosha polepole, maana kujikunja hakukuwa na faida tena.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema Shangazi. "Nilikuwa niseme kesho, basi nasema leo. Mgongo unaobeba mke utabeba na baba. Mchukue."

"Shangazi, tuingie ndani tuzungumze..."

"Ndani na nje kwako ni kumoja, mwanangu. Mchukue hapa hapa, tukuone."

Kaka mkubwa alivuka barabara, akachuchumaa mbele ya kiti cha baba yake, akampakia mgongoni. Mzee hakumkamata shingo. Mkono wake mzima ulining'inia tu, na kichwa chake alikigeuzia kwenye ukuta ili asitazamane na mtu. Shati jeupe lilimpanda juu, mgongo ukabaki wazi, na hakuna aliyelishusha.

Asilimia alifurahi. Tusimsingizie huruma ambayo hakuwa nayo. Alirudi nyumbani na kiti kitupu, magurudumu yakicheza kwenye mawe, na moyoni mwake kulikuwa na utamu ambao hakuwa ameuonja tangu siku mzee alipoanguka. Alimkumbuka shemeji yake akikunja uso kwenye kioo, akacheka peke yake njiani kama mwehu.

*

Fundi hakucheka. Habari zilimfika kabla ya mkewe, kupitia kwa kinyozi, tena zikiwa zimeongezwa chumvi. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mzee, kilichokuwa kitupu.

"Hukumwambia," alisema.

"Aliniuliza?"

"Sisi hatungoji kuulizwa. Hata mwizi angekuja kununua, ningemwambia."

"Na wewe kwa nini hukumwambia? Ulikuwa kwake kutwa nzima."

"Alinikataza nisiseme."

"Na mimi alikataza Mzee asinuke mikononi mwangu," alisema Asilimia. "Kila mmoja kapata alichokitaka. Alitaka kuakisi, nimempa sitini."

Fundi alimtazama mkewe kama anayepima kioo ambacho hajui kitapasukia wapi. "Kazi yangu umeifanya mtego," alisema. "Mikono ni yangu, mtego ni wako. Kesho mteja akija nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli, kama siku zote."

"Atauliza, mbona kaka yako hukumwambia?"

Asilimia akakasirika. Alimwambia mumewe kwamba yeye hajanyanyua baba yake hata siku moja kwa wiki, kwamba hasira zake angezileta siku ile ya leso, kwamba mwanaume anayejua kuwatetea wateja ajifunze kumtetea mke. Yote yalikuwa ya kweli na Fundi hakuyabisha. Asubuhi alibeba kisu na mpira wake wa kukamulia maji, akaenda kwa kaka yake kujitolea kuibandua tinti.

"Iache," kaka yake alimwambia kutoka dirishani. "Wote wameshaona."

*

Duka lilifufuka. Asilimia alirudi kwenye stuli, akafungua kitabu cha sampuli, na wateja wakaongezeka, wengine kwa ajili ya tinti, wengine kwa ajili ya kumwona mwanamke aliyemvua shemeji yake mkanda mbele ya mtaa. Walimwomba asimulie, akasimulia. Kila aliposimulia, shemeji yake alipinda zaidi na mke wa shemeji akaongezeka uzito. Sehemu ya mzee aliiruka. Hakuona kama ina maana kwa mteja.

Shangazi alikuwa amerudi kwake. Fundi alikuwa akienda kumwona baba yake kila alipopata nafasi, akirudi hasemi kitu. Asilimia alimngoja aseme, "Baba anakuulizia." Hakusema. Alijiambia kwamba ni ule ulimi mzito wa nyumba ile. Mwisho akafunga mfuko wa nguo za mzee zilizobaki, akaenda mwenyewe, mchana.

Alibeba na kitu kingine zaidi ya mfuko. Njia nzima alikuwa amelishika swali moja mdomoni, akiling'arisha. Alijua nyumba isiyozoea mgonjwa inavyokuwa. Alijua harufu itakuwepo.

Mbele ya dirisha lile alijiona mwenyewe, mzima, na mfuko wake. Akajipanga mtandio, akagonga.

Kaka mkubwa ndiye aliyefungua. Hakuwa na mkanda. Shati lilikuwa limelowa kifuani, mikono ya shati imekunjwa, na alitembea kwa kukokota mguu mmoja, mkono kiunoni. Safari hii hakuna aliyekuwa anamtazama ila Asilimia, na uso wake haukuwa umekunjwa kwa kupimwa.

"Ingia, shemeji," alisema. "Ndiyo kwanza namaliza kumwogesha."

Mzee alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, taulo mabegani. Harufu ilikuwepo, ndogo, ile ya mwili wa mzee ambayo sabuni haiiwezi. Asilimia aliinusa. Alinusa kwa makusudi, pua juu, na akalitoa lile swali.

"Mbona Mzee ananuka? Sabuni imepanda bei?"

Alikuwa amelingoja jibu, ugomvi, hata tusi. Kaka mkubwa alisimama na beseni mlangoni, mikono inamdondoka maji. Maneno yote yalikuwa yamemkimbia.

Asilimia akampita, akaenda kupiga magoti mbele ya kiti. "Baba, shikamoo. Nimekuletea shati lako la kijivu. Unanijua?"

Mzee alimtazama. Ulimi wake ulikuwa umepata nafuu kidogo, maneno yalikuwa yanafuatana sasa, ingawa kila moja alilitafuta.

"Nakujua," alisema. "Wewe ndiye... ulinipeleka... nikamwone mwanangu. Nikasema... turudi."

Asilimia alingoja aendelee. Mzee alikuwa amemaliza. Aligeuza uso, akamnyooshea mkono kaka mkubwa, ule mkono mzima, na kaka mkubwa akaweka beseni chini. Alichuchumaa kwa taabu akampa mgongo, na safari hii mzee alimkamata shingo. Wakaenda chumbani hivyo, mmoja juu ya mwenzake, polepole, wakishika ukuta.

Asilimia alibaki sebuleni na mfuko wa nguo. Alisikia kitanda kikilalamika, na sauti ya shemeji yake ikiuliza kama mto uko sawa. Alingoja aitwe. Baadaye aliuweka mfuko juu ya kochi, akatoka, akafunga geti mwenyewe.